Kabla Hujaketi Mbele ya Foni ya Beni

Mwanangu Kavira,

Unisamehe kwa kimya changu. Mgeni akisoma sentensi hiyo atadhani tunaishi miji miwili, kumbe kati ya chumba chako na changu pana ukuta mmoja wa udongo, na sasa hivi ninakusikia ukimwuliza mama yako kama blanketi la pili litaingia katika mfuko. Tangu jioni ile uliyotuambia kwamba umekubali kazi katika nyumba ya foni kule Beni, ya kuitia watu kwa redio, maneno yangu kwako yamekuwa "ndiyo", "hapana", na "nipe chumvi". Maharagwe yaliyokuwa maua siku ile tumekwisha kuyavuna, na mimi bado nimenuna. Leo mchana mama yako alisimama mlangoni na pasi ya makaa mkononi, akaniambia, "Papa Kavira, kama kusema inakushinda, muandikie basi. Kesho kamyo haitakungoja weye umalize kununa."

Kwa hiyo ninaandika. Jua bado lipo juu ya mikaratusi, nami nataka kumaliza kabla ya saa ya kufunga milango, kwa kuwa siku hizi taa inayowaka peke yake huvuta wageni wasioalikwa.

Habari za chakula, baridi, sala na watu wa kuogopa njiani sitazigusa. Mama yako amekwisha kuzisema, na atazisema tena kamyo ikiwa imewashwa. Mimi nina jambo moja tu. Kesho kutwa komite ya wazee wa mtaa itakaa kuamua juu ya amri mpya ya vinywaji. Wameniomba mimi niiandike, kama nilivyoandika zile zilizotangulia. Ikipita kama wenye bunduki wanavyoitaka, mtu wa kwanza kufungwa kasho atakuwa yule anayeketi mbele ya foni na kupitisha oda za vinywaji. Huyo ni wewe. Na nikikataa kuiandika, sijui ni nani atakayeiandika, wala sijui watanifanya nini. Hayo ndiyo yanayonifunga kinywa sasa, lakini si yote. Yapo ya zamani zaidi, na bila hayo hutaelewa kwa nini baba yako, aliyefundisha watoto wa watu kusema waziwazi, ameshindwa kusema na wa kwake.

Katika vita ya kwanza ulikuwa bado unavaa sare ya shule ya msingi. Askari wa utawala wa zamani walikuwa wakirudi nyuma, na habari zao zilikuwa zikiwatangulia mji hadi mji. Tulijua watakuja kwetu. Sisi wazee tulikutana kanisani, tukakubaliana kwamba hawataweza kuzuiwa kuingia, lakini wanaweza kuzuiwa kulewa. Nikaandika amri fupi: kinywaji chote kilichomo mtaani kimwagwe kabla ya jua kutua. Hatukuwa na polisi wala hakimu. Tulipita nyumba kwa nyumba tukiwa na karatasi ile na majembe.

Mama Kahindo, yule mpishi wa pombe ya kasiksi wa bondeni kwetu, alikuwa ndiyo kwanza amekamua ndizi za Kalunguta. Mtumbwi wake wa kukamulia ulikuwa umejaa hadi ukingoni. Aliusukuma yeye mwenyewe, hakutaka mkono wetu. Pombe ikashuka katika mfereji ikiwa na povu, na mbuzi wa jirani wakainywa, wakalala katikati ya barabara kama magunia. Watu walicheka, ingawa siku ile haikuwa ya kucheka. Mama Kahindo alinitazama akasema, "Mwalimu, weye hapana kunywa. Ndiyo maana mukono yako haitetemeke."

Askari walikuja. Walichukua redio, magodoro, kuku na baiskeli. Walipiga watu. Lakini walikuwa na akili zao, na wakaondoka. Kutoka miji mingine walikokuta maghala ya vinywaji tulisikia habari ambazo sitakuandikia. Basi tukasema amri yetu imeokoa watu, na mpaka leo naamini hivyo.

Kosa lilifuata hapo. Hatari ilipopita, amri ilibaki. Hatukuwa tumeandika itaisha lini, wala hakuna aliyeuliza, na sisi wazee wa kanisa hatukuwa na hamu ya kuulizwa. Tulikuwa tumehubiri juu ya ulevi miaka na miaka, watu wakiitikia amina na kushuka bondeni. Sasa vita ilikuwa imetupatia kwa siku moja kile ambacho mahubiri hayakutupatia. Nilikuwa nimeipenda amri ile kwa kuwa niliiandika vizuri. Mwanangu, jihadhari na kitu ulichokitengeneza vizuri. Huwezi tena kukiona kilivyo.

Hujui jinsi mambo yalivyokuwa kabla ya hapo, kwa hiyo nitakueleza. Mwanamke aliyepika kasiksi hakuuza hata kikombe kabla ya kupeleka kibuyu cha kwanza kwa mzee wa bonde. Mzee alikuwa marehemu Muhindo, yule aliyekuwa na koti la mvua la rangi ya majani. Alionja mbele ya watu. Kisha akauliza: umekamua mitumbwi mingapi? Ni ya mahari, ya kilio, au ya kuuza? Nani anakuja? Kama siku zile palikuwa na ugomvi wa mipaka bondeni, au njaa, aliweka kibuyu chini akasema, "Mwezi hii hapana. Ile umepika, ukunywe na bashemeji yako, usifungue mulango." Na mwanamke hakufungua mlango.

Sisi tuliita jambo hilo mlungula. Tulisema mzee anapata kinywaji cha bure, na kwamba kuonja kule kuna harufu ya mizimu. Tukaliondoa pamoja na pombe yenyewe. Hatukufikiri kwamba tulikuwa tukiondoa jicho pekee lililojua nani anapika, anapika nini, na nani atakunywa.

Watu hawakuacha kunywa. Kasiksi haiwezi kujificha: ndizi zinafukiwa shimoni, nyasi za kukamulia zinatupwa nje, mtama unakaangwa, nzi wanakuja, mtaa mzima unanusa. Lakini lotoko, pombe kali ya mvuke, inajificha. Pipa moja, mrija mmoja, jiko la nyuma, kisha bidoni la plastiki chini ya gunia la maharagwe. Kwa muda mfupi tu wale wanawake waliokuwa wakipika kinywaji cha kuimbia arusi walijifunza kupika kile kinachochoma koo na kupofusha macho. Amri yangu iliua kile kilichoonekana, ikalea kile kisichoonekana. Nilipita bondeni, sikunusa kitu, nikarudi nyumbani nikifurahi.

Nataka pia umjue Mama Kahindo alivyokuwa akiuza, maana unamjua tu kama mama mzee anayekuita "mukwe wangu" kukuchokoza. Aliuza akiwa amesimama. Alimtazama mtu usoni kwanza, ndipo akashika kikombe. Siku moja alishuka baba yako mdogo Kasereka, akiwa ametoka kugombana na mkewe.

"Weye leo hapana," Mama Kahindo akamwambia.

"Mama, miye niko muteja yako ya siku zote!"

"Ndiyo maana. Nimeona macho yako. Rudia kwa bibi yako, umuombe pole, kisha urudi. Nitakuwekea."

"Na kama anakatala pole yangu?"

"Basi atakuwa na akili kunipita miye. Enda!"

Kasereka aliondoka akitukana hadi kwenye daraja. Kesho yake alirudi akicheka, na kikombe chake kilikuwa kimefunikwa kwa jani. Hakuna karatasi niliyoandika maishani iliyofanya kazi kama macho ya mwanamke yule.

Kisha ikaja vita hii ya pili, na pamoja nayo nyumba za foni. Wewe unaijua foni kuliko mimi, lakini mimi nakumbuka tulivyoipokea. Barabara zilikuwa zimekatika, posta imekufa, na ghafla mtu akikaa mbele ya redio ile yenye waya mrefu juu ya bati anaweza kumwita mtu wa Beni, wa Eringeti, wa Manguredjipa kwenye dhahabu, akamsikia akikohoa. Ilituokoa. Kwa foni tulijua nani amefika na nani hakufika. Kwa foni wafanyabiashara waliagiza chumvi na sabuni. Baada ya muda wakaanza kuagiza vinywaji: katoni za vifuko vya pombe kali kutoka ng'ambo ya mpaka, na lotoko ya kwetu katika mabidoni. Mtu anaita kutoka msituni, sauti inasikika hapa, bidoni linafungwa kwenye kinga, yaani baiskeli, kinga inaondoka. Mnunuzi hakuonekana, na muuzaji hakuonekana.

Komite ilikaa. Amri yangu ilikataza kuuza kinywaji nyumbani, sokoni na kando ya barabara. Nyumba ya foni haikuwa na hata chupa moja. Tulibishana asubuhi nzima. Mzee mmoja wa kanisa, mtu mwenye heshima, alikuna kichwa akauliza, "Kama kinywaji iko Butembo, na mwenye kukunywa iko Manguredjipa, zambi iko fasi gani?"

Kasereka alikuwa amekuja kusikiliza tu, ameegemea dirisha. Akajibu, "Iko mu njia, Muzee. Inapanda na kinga."

Tulicheka wote, hata mimi. Kisha tukaahirisha shauri mpaka kikao kingine, kwa sababu mvua ilikuwa inakuja.

Lililotokea Kalunguta ulilisikia vipande vipande, kwa kuwa tuliwafukuza ninyi watoto tulipokuwa tukilizungumza. Sasa nitakuambia lote. Pale bariyeri, penye kizuizi cha barabara, palikuwa na askari wapya. Mkubwa wao alikwenda kwa wanawake wa Kalunguta kutaka kinywaji. Wa kwanza akasema hana. Wa pili akasema hana. Walikuwa wameafikiana mtoni, wakifua: watu hawa wana jambo, tusiwape. Hakuna aliyewaandikia hilo. Waliwatazama tu usoni. Basi yule mkubwa akapanda gari mpaka Beni, akaingia katika nyumba ya foni, akaita kwetu Butembo. Akasema, kwa sauti ya upole, kwamba kuna arusi Kalunguta na wazee wamepungukiwa. Mtu wa foni wa hapa akapitisha oda. Mabidoni yakafungwa. Hakuna aliyeuliza ni arusi ya nani. Katika mji huu ambao kila mtu anajua mbuzi wa mahari ya kila mtu, hakuna aliyeuliza.

Siku ile Kasereka alikuwa anarudi kutoka kilio pamoja na watu wa ukoo wa mkewe. Walifika bariyeri jua likiwa bado juu, na askari walikuwa wamekwisha kulewa. Askari wakawaambia waimbe. Wakaimba wimbo wa kanisa, kwa kuwa ndio uliokuwa kinywani mwao tangu makaburini. Askari wakasema huo si wimbo wa arusi. Wakawaambia waimbe mwingine. Kila mmoja akatafuta kichwani wimbo wa furaha, na hakuna aliyeupata kabla ya risasi.

Kasereka alipoteza mguu. Wengine wawili hawakurudi. Tulimleta kwa kipoyi, machela ya mabegani, kupitia mashambani, na njia nzima alikuwa akiniuliza kama nimefunga mlango wa banda lake la mbuzi.

Baadaye nilikwenda kwa mtu wa foni. Alikuwa mtu mzima, mwenye watoto, mwimbaji wa kwaya ya Wakatoliki. Sikwenda kumpiga. Nilitaka tu kumwona. Alisimama nilipoingia, akavua kofia, akaniambia, "Mwalimu, miye hapana muuzaji. Nilisikia sauti, nikapeleka sauti. Ilikuwa sauti ya mutu muzuri."

Sasa unakumbuka jioni ile. Ulikuwa umefurahi, umevaa kitambaa cha njano, na mama yako alikuwa amekuuliza kama nyumba hiyo ya Beni haiuzi vinywaji. Ukamjibu, "Aa, Mama! Mwenye nyumba ndiye anauzisha. Miye mutu anaita, napeleka tu sauti yake." Uliyasema hayo ukicheka. Hukuwa na kosa, hukuwahi kuyasikia maneno ya yule mtu. Lakini mimi niliweka kijiko chini, na tangu hapo nikawa kama mtu aliyemeza ulimi. Niliogopa kwamba nikifungua kinywa nitakukataza, na wewe si mtoto wa kukatazwa, na hapa hakuna shule iliyo wazi wala kazi nyingine ya kukupa. Nilichagua kununa. Ni njia ya mtu mwoga anayetaka aonekane mkali.

Sasa nije kwenye amri hii mpya. Wiki iliyopita mjumbe wa kamanda wa askari wanaoushika mji wetu alikuja kikaoni. Ni kijana wa watu, nilimfundisha darasa la nne, alikuwa mzuri wa hesabu. Aliketi mahali pa mwenyekiti bila kuulizwa. Akasema kamanda amesikitishwa sana na mambo ya ulevi barabarani na anataka kutusaidia. Oda zote za vinywaji kwa foni zipigwe marufuku. Atakayepitisha oda atiwe kasho, na foni yake ichukuliwe. Mwishoni akaongeza, kama mtu anayeongeza chumvi, "Isipokuwa kwa ruhusa ya Kamanda."

Wazee walinitazama mimi.

Kasereka, ambaye tangu Kalunguta anaketi nasi katika komite, alipiga gongo lake sakafuni. "Mutoto yangu," akasema, "na zile kreti za bia ziko nyuma ya nyumba ya Kamanda, pale karibu na bariyeri, ile ni dawa?"

"Papa Kasereka, ile ni ya bakubwa. Usiingie mu mambo ya bakubwa."

"Miye niko na muguu moja tu imebakia. Sasa niingie na nini?"

Mjumbe alicheka pamoja nasi, akacheka muda mrefu kuliko sisi. Kisha akanigeukia. "Mwalimu, weye ndiye unajuaka kuandika. Andika tu muzuri, sisi tutatia kashe, muhuri ya Kamanda."

Nilimwambia nitafikiri. Akasema, "Fikiri, lakini usifikiri peke yako," akaondoka, naye aliacha askari mmoja pale nje ya uzio. Yule askari hakufanya kitu. Alisimama tu akitafuna muwa mpaka tulipokwisha kutoka wote.

Nimeigeuza amri hiyo kichwani kila upande. Nusu yake ningeiandika mimi mwenyewe, na hapo ndipo uchungu ulipo. Baada ya Kalunguta nani atasema oda za foni ziachwe ziende zitakavyo? Lakini najua sasa kitakachotokea. Kinywaji hakitapungua. Kitakusanywa katika mkono mmoja, na mkono huo ndio unaoshika bariyeri. Tena watachukua foni. Leo ya huyu, kesho ya yule, na sababu itakuwa vinywaji. Kijiji kimoja huko upande wa Eringeti foni yake ilichukuliwa, na tuliyajua mambo yaliyowapata pale tu watu walipofika kwetu kwa miguu, wakiwa wachache. Siku hizi kila nikisikia kamyo ya askari ikipanda kilima nahesabu nyaya za foni juu ya mabati yetu, kama mtu anayehesabu watoto wake.

Nilimwuliza Kasereka angeandika nini yeye. Alikuwa anapiga misumari kwenye soli ya kiatu, akajibu bila kuinua kichwa, "Yaya, mukubwa yangu, ukifunga foni, batapeleka na kinga. Ukifunga kinga, batapeleka ku kichwa ya bamama. Miye napenda mutu mumoja tu aulize: ni arusi ya nani? Mumoja tu, Yaya. Ningekuwa na miguu mbili."

Basi nimeandika ya kwangu. Inasema amri hii ni ya wakati wa vita na itaisha komite ikikaa tena, isipoandikwa upya. Inasema kinywaji kitaondoka mchana tu, na kule kinakokwenda kitapokelewa na mzee wa mahali, ambaye atamwona kwa macho yule atakayekunywa. Inasema mwenye kuuza anaweza kumkataa mtu yeyote, mwenye silaha na asiye nayo, na mtaa wote utasimama nyuma yake. Kibuyu cha kwanza kitarudi kwa mzee wa bonde. Ndiyo, mimi mwenyewe nimeliandika hilo, na mchungaji wetu atanishangaa. Mtu wa foni hataadhibiwa kwa kupitisha sauti. Ataadhibiwa kama hakuuliza. Ya mwisho hiyo nimeiandika nikikufikiria wewe, na sikuipunguza makali kwa sababu yako.

Ruhusa ya kamanda haimo.

Sijui kama nitathubutu kuisoma. Nikiwa peke yangu hapa mezani nina ujasiri wa kutosha. Lakini mjumbe atakuwepo, na wazee wenzangu nao wana watoto, na mtu akiogopa mbele ya watu wanaoogopa, woga huo unaongezeka. Huenda nikasimama nikasoma ile ya kwao kwa sauti safi, kama nilivyosoma zile nyingine. Nakuambia mapema ili usinifikirie kuwa mtu bora kuliko nilivyo.

Kuhusu kazi yako, nina machache, nayo sikuyapata vitabuni. Sauti nzuri isikulainishe. Waliofanya mabaya makubwa niliowahi kuwasikia walikuwa na sauti za kawaida, na mmoja alinisalimu kwa jina la ukoo wangu. Uliza. Ni kwa nani, ni wapi, nani atapokea, mzee wa pale anaitwa nani. Mtu mwema atakasirika kidogo kisha atajibu. Yule mwingine atakuambia kwamba unapoteza muda wake. Na ukikataa, usitoe sababu ndefu. Mtu mwenye bunduki anapenda sababu ndefu, maana anapata mahali pa kushika. Sema foni inakoroma, husikii. Mimi niliyewachapa watoto kwa kusema uongo ndiye ninayekuandikia hivyo, na sijikosoi.

Mwenye nyumba atakuambia kwamba kuuliza si kazi yako. Hapo utajua kama unaweza kubaki kwake. Sitakuamulia. Nimewaamulia watu wengi mno.

Nasikia mama yako anafunga mfuko kwa kamba. Jua limeshuka nyuma ya kilima, nami naona maandishi kwa shida. Nakupenda, Kavira. Sijui kama nimewahi kuliandika neno hilo. Kulisema, najua sijalisema.

Komite ikishaamua, nitakuandikia, hata kama uamuzi utaniaibisha. Nitaandika kwa mkono wangu na kumpa mtu wa kukukabidhi, kwa sababu katika foni kila mtu anasikiliza. Mpaka barua hiyo ifike, usipitishe oda yoyote ya kinywaji, iwe ya arusi, iwe ya divai ya padri. Na kama ile amri ya kamanda utaisikia ikisomwa katika foni na barua yangu haijafika, basi ujue kwamba nilisimama nikasoma ile ya kwangu, na hawakuipenda. Siku hiyo zima foni, funga mlango, panda gari la Kasindi uvuke mpaka. Usiite Butembo kuuliza habari zangu, kwa kuwa watakuwa wanasikiliza ni nani anayeuliza. Kama niko hai na mkono wangu unaweza kushika kalamu, nitakuandikia mimi.

Baba yako